Ndoo Safi ya Nkungu

Mimi ni mtu wa kelele, sikatai. Siku mwalimu wetu wa chuo alipotangaza kwamba muhula ule hatutausoma mlima kwenye karatasi, tutakwenda kuupima wenyewe, nilipiga kigelegele darasani. Wenzangu watano wakanigeukia kama nimepandwa na kitu.

Nilikuwa mwaka wa tatu, nasomea mazingira. Kila mmoja alipewa mteremko wake hapa wilayani Rusizi, Rwanda, mimi nikapata wa Nkungu. Baada ya wiki nne tungesimama kueleza tulichopata, na mmoja tu ndiye angebaki kwenye utafiti wa mwalimu mwaka mzima. Nafasi ile niliitaka, walahi, hata chakula kilikuwa hakishuki. Baba yangu ni fundi cherehani mjini Kamembe. Aliponiona nafunga ndoo zangu akacheka: "Udongo? Huu unaoingia dukani kwangu kila mvua ikinyesha haukutoshi?"

Kazi yenyewe haikuwa na siri. Mashamba mawili ya maharage, yamepakana, mteremko mmoja. La kwanza ni la mama mmoja, Maman tunavyomwita, aliyekulia Kongo akarudi nyumbani. Amepanda mistari ya majani ya ng'ombe kukinga maji. La pili ni la shemeji yake, maharage matupu. Chini ya kila shamba nilichimba mfereji, nikautandika plastiki, nikauelekeza kwenye ndoo. Mvua ikishusha udongo, ndoo inaukamata. Jumamosi nakuja, naukausha, naupima, na hapo najua shamba limepoteza kiasi gani.

Jumamosi ya kwanza ndoo ya shemeji ilijaa tope mpaka mdomoni. Ya Maman? Safi! Hata chembe! Ya pili, hivyo hivyo. Ya tatu niliandika sifuri kwa kalamu nyekundu nikaizungushia duara, nikampigia mwalimu simu papo hapo mlimani. Majani yanazuia kila kitu, mwalimu, kila kitu!

"Sifuri mara tatu?" akauliza.

"Mara tatu, Mungu shahidi."

Akaniambia Jumatatu ya kueleza nitakuwa wa kwanza kusimama. Nilikata simu nikacheza peke yangu katikati ya maharage, na kichwa kikavimba, nisiseme uongo.

Basi Jumatano ya wiki ya mwisho ikanyesha mvua ya kutisha, na mimi subira sina. Alhamisi asubuhi nikapanda pikipiki kwenda kuiona sifuri yangu ya nne. Nilipofika chini ya shamba nikamkuta Maman ameinama kwenye ndoo yangu. Anachota udongo kwa mikono, anajaza beseni. Akajitwika kichwani, akaanza kupanda.

"Maman! Unafanya nini?"

"Niko narudisha udongo wangu."

"Lakini uko kwenye ndoo yangu!"

"Ndoo ni yako," akasema, wala hakusimama. "Udongo ni wangu."

Nilimfuata mbio, nateleza, nashika majani. Kule juu akaumwaga, akausambaza kwa jembe, akajifuta mikono na kunitazama kwa huruma. "Batoto ba chuo, banawafundisha nini huko? Mvua inashusha, siye tunapandisha. Mama yangu alifanya hivi, mama mkwe wangu pia. Muntu anaacha udongo mzuri chini namna gani? Shemeji ni muvivu, ndiyo maana ndoo yake inajaa." Kisha akatabasamu. "Na yako nilikuwa naiosha, mwanangu, uikute safi."

Yarabi! Nilikaa chini pale pale kwenye tope. Mtu mzima nimesoma miaka mitatu habari za udongo, na sijawahi kuuliza mwenye shamba anaufanyia nini. Mtoto wa cherehani, kilimo nakijua kwa picha. Nilijikasirikia mpaka machozi yakatoka, na Maman akadhani nimeumia mguu.

Siku tatu zile sikuwa mtu. Hakuna aliyejua. Daftari langu lilikuwa zuri kuliko yote, na Maman hawezi kuja chuoni kunishtaki. Lakini njia ya mwongo ni fupi, na kila nikifunga macho naliona lile beseni linapanda.

Jumatatu nikasimama wa kwanza. "Sifuri zangu zote ni za uongo," nikasema. "Udongo ulishuka. Maman aliupandisha." Mmoja nyuma akacheka. Na hapo, sijui ilitoka wapi, kelele zangu zikanirudia: "Sisi sote tumekaa chini ya mlima tukipima kinachoshuka! Nani amewahi kupima kinachopandishwa? Kila mvua, kila beseni, kwa vichwa vya akina mama! Mwalimu, pengine mlima huu bado una udongo kwa sababu yao!"

Mwalimu, mtu mkali asiyependa porojo, alivua miwani akaifuta, akaivaa, akaivua tena.

"Mama yangu alikuwa anafanya hivyo," akasema taratibu. "Nilikuwa namfuata nyuma na kabeseni kangu. Nimepima milima hii tangu ujana wangu, nimeandika mpaka nimechoka. Sikumwandika hata mara moja."

Akatoka nje, tukamwona dirishani amesimama ametupa mgongo. Aliporudi, macho mekundu, hakutaja nafasi wala mshindi. Alichukua mizani ya kuning'iniza iliyokuwa mezani, akaja nayo mpaka niliposimama, akanikabidhi.

"Mwaka mzima," akasema. "Na kabla hujapima, muombe Maman ruhusa."