Nailoni Tumboni

Rafiki yangu wa mazoezi alikuwa fundi cherehani, jirani yangu wa mtaa mmoja hapa Morogoro mjini. Alijiunga na jimu baada ya daktari kumwambia kuwa sukari yake imeanza kupanda, na kwamba mafuta ya tumboni ndiyo ya kuyaangalia. Mama yake alikatwa mguu kwa sukari. Hilo alinieleza mara moja tu.

Kila jioni alijifunga nailoni tumboni ili atoke jasho, akavaa sweta juu yake, akapanda baiskeli ya mazoezi. Vijana wa kunyanyua vyuma walimtania.

"Mama, humo ndani unachemsha ndizi?"

"Nachemsha mafuta. Yakiiva nitawakaribisha."

Akishuka alikwenda moja kwa moja kwenye mzani. Mshale ulirudi nyuma kidogo, naye akafurahi. Kisha alikunywa maji, akapanda bodaboda, akarudi kukaa kwenye cherehani.

Nilikuwa nimejisomea mambo hayo kwa muda, nikajua kilichopungua ni maji. Lakini kumwambia kulikuwa kugumu, maana furaha ile ndiyo iliyomleta.

Siku moja nilimkuta kibandani kwake, futi ya kupimia ikiwa shingoni, akivutana na sketi yake.

"Kaka, mzani unanisifia, sketi inanikataa. Nimwamini nani?"

"Sketi, dada. Jasho si mafuta. Jipime kiuno."

Alikuwa amempima kila mtu mtaani isipokuwa yeye mwenyewe. Vipimo vya sketi ile alivikumbuka. Alizungusha futi, akaona kiuno bado kimezidi, akakaa.

"Kwa hiyo nimejipika bure?"

"Si bure, moyo umefaidika. Ila unafanya mazoezi kidogo, halafu unakaa siku nzima."

Nailoni aliiacha. Akaanza kwenda jimu kwa miguu, na Jumapili tukapanda njia ya Uluguru, polepole, akihema na kunilaumu.

"Mama, siku hizi hupiki?" vijana walimuuliza.

"Jiko nimelihamishia mlimani."

Siku ya kupima sukari aliniomba nimsindikize. Alivaa sketi ile. Kifungo kilikuwa bado hakifiki, akaibana kwa pini. Aliingia kwa daktari peke yake, akatoka amenyooka.

"Haijashuka," alisema. "Lakini haijapanda."

Vijana wa bodaboda walimwita getini. Aliwapungia mkono, akapita kwa miguu.