Nilisaini kusimamisha ujenzi wa wodi ya wazazi ya kijijini kwangu, ikasomwa wananchi wangu wakiwa ukumbini

Wakuu, habari za mchana.

Nimesoma visa vya wenzangu humu kwa miaka, leo naleta cha kwangu. Sijakipaka rangi. Kama kuna aliyekuwepo ukumbini siku hiyo na yumo humu, ruksa kunisahihisha.

Mimi ni diwani wa kata moja ya vijijini, huku kati ya Shinyanga na machimbo ya Geita. Awamu yangu ya kwanza. Halmashauri siitaji, chama sikitaji. Najua diwani akijitaja humu anashambuliwa na kila mtu, ila naomba mnisikilize mpaka mwisho halafu mshambulie vizuri.

Halmashauri yetu ilishajiwekea ukomo wa kukopa. Mwaka ninaousema, mapato ya ndani yakashuka. Wachimbaji wengi wadogo walihama kufuata dhahabu kwingine, na ushuru ukahama nao. Mwenyekiti wetu na wenzake wakaja na wazo la kupandisha ule ukomo, tukakope benki, tujenge soko la kisasa mjini.

Baraza likagawanyika. Hawa wanasema tukope, hawa wanasema hakuna kukopa, tubane matumizi. Ilifika mahali waheshimiwa watu wazima wanakutana msibani hawasalimiani.

Mimi nilikuwa upande wa kubana, tena mstari wa mbele. Hoja ya kutokopa naisimamia hata leo. Ila nimeahidi ukweli, kwa hiyo niseme: nusu ya moto wangu ilitokana na mwenyekiti kuniacha nje ya kamati ya fedha. Nilikuwa na kinyongo naye, basi.

Wenzetu wakatuuliza swali la haki kabisa. Mnasema tubane, tubane wapi?

Mheshimiwa Ngassa, diwani mwenzangu wa kata ya mjini, akaandika pendekezo la kurasa mbili. Kiini chake kilikuwa sentensi moja: jengo lolote ambalo halijafika lenta, ule mkanda wa zege juu ya madirisha, lisimamishwe mpaka mapato yatengemae. Akaniletea nisaini. Nikasaini juu ya boneti ya gari, nikamrudishia kalamu yake, tukaenda kula.

Sasa hapa inabidi nirudi nyuma kidogo.

Kijijini kwangu wananchi walikuwa wanajenga wodi ya wazazi. Zahanati tunayo, lakini mama akishikwa uchungu anapakiwa kwenye bodaboda mpaka hospitali ya wilaya, na barabara zetu wakati wa masika mnazijua. Wakaamua wanyanyue boma kwa nguvu zao, halmashauri iezeke na kumalizia. Tofali walichoma wenyewe. Maji ya ujenzi walibeba wanawake, ngata kichwani na ndoo juu yake, wakiongozwa na Mama Nkwimba, mama mtu mzima asiye na maneno mengi.

Boma lilipofika usawa wa madirisha, mvua za kupandia zikaanza. Wao walitaka wamalize, zilibaki siku chache tu wafike lenta.

Ni mimi niliyesimama mbele yao nikasema nendeni mkalime kwanza, mvua haimngoji mtu, halmashauri itawangoja. Wakanipigia makofi, wakaenda kulima.

Mmeona ilipo ajali? Mtu yule yule, miezi michache baadaye, anasaini karatasi ya kusimamisha kila kisichofika lenta. Na wallahi sikukumbuka. Ile wodi nilikuwa nimeshaisema kwenye mikutano mingi mno, kichwani mwangu ilikuwa imeshakwisha na wamama wanajifungulia.

Kuna jingine la kujitakia. Nilijigamba kijijini kwamba siku ya baraza nitamchachafya mwenyekiti, anayetaka kushuhudia aje. Vikao vya baraza ni vya wazi. Basi Mama Nkwimba na wenzake watatu wakapanda mchomoko, zile gari ndogo zinazojaza watu mpaka kwenye buti, wakaja kukaa viti vya nyuma vya wananchi.

Wakuu, nilihutubia. Nilisema hatuwezi kuwaachia wajukuu madeni ya soko. Upande wetu wakagonga meza. Nikageuka nyuma, nikaona kina mama wanatabasamu, nikaongeza dakika tano nyingine.

Nilipokaa, mwenyekiti akamwomba afisa mipango, kwa upole tu, asome majengo yatakayosimamishwa endapo pendekezo letu litapita. Bwana yule akasoma. Darasa kata fulani. Nyumba ya mwalimu kata fulani. La tano likawa wodi ya wazazi, kata yangu, kijiji changu.

Upande wa kukopa wakaangua kicheko. Mimi shingo ilikataa kugeuka nyuma. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona tangu nizaliwe.

Tukaenda mapumziko ya chai. Mwenyekiti akanifuata, akaniambia pigia kura ukomo upandishwe na wodi yako itapona. Ngassa naye akanivuta pembeni, akasema nikae kimya tupitishe, ya kwangu tutayarekebisha baadaye. Nikawaacha wote wawili, nikatoka nje.

Kina mama walikuwa kwenye kivuli cha ukuta wa ukumbi. Nikawaamkia. Mama Nkwimba akaitikia marahaba vizuri, kama siku zote. Hiyo ndiyo iliyoniumiza, ningependa anitukane.

"Baba Masanja," akasema, "si wewe uliyetuambia tukalime kwanza?"

"Ndiyo mayu, mama yangu, ni mimi."

"Basi humo ndani hawajui. Wanatuona sisi wavivu tusiomaliza kazi. Kawaambie."

Hakuniomba nibadilishe kura. Hakuniomba wodi. Alijifunga kitenge vizuri, akarudi ndani kukaa.

Kikao kiliporudi nikaomba nafasi. Nikasema pendekezo nililisaini bila kufikiria lingemgusa nani. Nikasema wale watu hawakuzembea, boma limekwama chini ya lenta kwa sababu mimi diwani wao ndiye niliyewasimamisha, na kosa ni langu. Nikageuka nikawaonyesha kwa mkono, wale pale, wamekuja kunisikiliza nikiwakatia kazi yao.

Kisha nikaomba marekebisho. Ukomo wa kukopa ubaki pale pale. Jengo ambalo wananchi wameshatia nguvu zao lisiguswe. Tuanze kukata ya kwetu, na ya kwanza ni ziara ya mafunzo ya madiwani kwenda pwani.

Hapo pande zote mbili zikanichukia kwa pamoja. Mimi mwenyewe nilikuwa nimeshanunua begi la safari.

Nilidhani nimekwisha. Mara diwani mmoja wa kijijini, tena wa upande wa kukopa, akasimama kuniunga mkono. Akafuata mwingine. Kumbe nao wana maboma yao kwenye ile orodha, walikuwa wameuchuna wakisubiri mtu wa kuanza. Tukapiga kura, marekebisho yakapita kwa tofauti ya kura mbili. Soko likasubiri, ziara ikafa, maboma yakapona.

Nilipumua, wakuu. Nilikaa kwenye kile kiti, hata ajenda iliyofuata sikuisikia.

Ila kijijini nilikuwa bado nina kesi. Kwetu kikundi cha kazi kina sheria zake, anayekwamisha kazi ya wote analipa kwa jasho, hata awe nani. Baada ya mavuno, kiangazi kikielekea mwisho, ujenzi ukaanza tena, nikahukumiwa kubeba maji pamoja na kina mama mpaka lenta ikamilike. Mama Nkwimba alinisokotea ngata kwa mkono wake. Siku ya kwanza nilitoka bombani na ndoo imejaa, nikafika bomani nusu ya maji ikiwa kwenye shati.

Siku tunamalizia kumwaga zege la lenta, mawingu yakajikusanya na upepo wa mvua ukaanza. Msimu mwingine wa kupanda huo. Nikatua ndoo, nikafungua mdomo niwashukuru.

Mama Nkwimba akaniwahi. "Wewe nyamaza. Usituambie tena tukalime."

Watu walicheka mpaka fundi akashuka kwenye ngazi. Nami nilicheka, na machozi yalinitoka, nikasingizia saruji. Leo bati liko juu na milango imeshatiwa.

Nilichojifunza: kubana matumizi ni jambo jema, lakini kabla hujakata kilichonyanyuliwa, jiulize nani alikinyanyua. Siku hizi kabrasha nalisoma mpaka viambatisho, tena nikiwa nyumbani, mbali na boneti ya gari.

Haya, mnaosema madiwani huwa tunasaini tusichokisoma, kwa yangu nimekiri. Ngata ninayo bado, kwa hiyo wa kunitwisha maneno atwishe. Na wenye maboma yaliyokwama huko kwenu, tuambieni yamekwamia wapi na kwa kauli ya nani.