Mama wa Mursik Aliyekwenda Shuleni kwa Niaba Yangu

Jumamosi iliyopita nilienda mtaa wa Langas kumwona rafiki aliyejifungua. Nilipokaribia sokoni, mtu fulani alikuwa amefungua kibuyu cha mursik, na ile harufu ya moshi na maziwa yaliyoganda ikanisimamisha katikati ya njia. Mwenye boda boda akanipigia honi mara mbili, halafu akanizunguka akinung'unika. Wewe uliyekulia huku utanielewa. Keti basi nikusimulie habari za mwaka niliokuwa darasa la saba, na za mwanamke ambaye mpaka leo nikimwaza nashika mdomo.

Tuliishi papo hapo Langas, chumba kimoja cha mabati, mimi, mama na nyanya. Mama alikuwa kibarua kwenye mashamba ya mahindi upande wa Soy. Akitoka Jumapili jioni, hatukumwona tena hadi Jumamosi, kwa maana msimamizi wa shamba hakuwa na subira na mtu aliyekosa siku hata moja. Nyanya naye miguu ilikuwa imemkataa. Kabla ya shule nilichota maji, nikawasha jiko, nikamkorogea uji wa wimbi, kisha nikamgeuza kitandani aangalie mlango ili aone watu wakipita. Baridi ya mwezi wa saba unaijua, ile ya vidole kukataa kufunga vifungo vya shati. Nikachelewa shule. Nikachelewa tena. Siku ya tatu mwalimu wa zamu akaniamuru nipige magoti kwenye matope pale langoni, na mimi, sijui nilitoa wapi kichwa hicho, nikamwambia sipigi.

"Nenda nyumbani," akasema. "Na usirudi bila mzazi."

Sasa niambie, mzazi ningemtoa wapi? Jumamosi mama alirudi mikono imepasuka. Akaketi mlangoni akipaka nyufa zile mafuta ya kupikia, akaniuliza, "Masomo je?" Nikamwambia yako sawa. Ningemwambia akose kazi kwa ajili ya kiburi changu? Jumatatu nikavaa sare kama kawaida, nyanya akaniombea, nikatoka.

Nyuma ya soko kulikuwa na vibanda vilivyoachwa, na humo ndimo nilimogundua kwamba sikuwa peke yangu. Kulikuwa na kijana aliyefukuzwa kwa sababu ya nywele. Mwenzake hakuwa na cheti cha kuzaliwa, hivyo hangeweza kusajiliwa kwa mtihani, na mwalimu wake alimwambia wazi kwamba anajaza nafasi ya wengine. Wote wawili walinizidi kama miaka miwili. Yule wa nywele alijua kuiga sauti ya kila mwalimu aliyewahi kumfundisha, na tulicheka mpaka mbavu zikauma. Sikukaa na watu wabaya pale, rafiki yangu. Nilikaa na watoto waliokuwa na siku nzima mikononi na hawakuwa na mahali pa kuipeleka.

Kwanza tulichukua ndizi, kwa sababu ya njaa. Baadaye tukachukua vitu visivyoliwa. Na mimi ndiye niliyekuwa wa maana kuliko wote, kwa ajili ya sare yangu. Nani angemshuku msichana wa shule mwenye sweta ya buluu? Kazi yangu ilikuwa kusalimia kwa heshima na kuuliza bei. Muuzaji akinigeukia, mikono ya wenzangu inafanya yake.

Mama wa mursik alikuwa mwenyeji wa nyanda hizi, mrefu, wa makamo, na alivaa koti la kiume juu ya gauni. Sisi tulitoka Magharibi, na wakati ule majirani wa huku na wa kule walitazamana kwanza kabla ya kusalimiana. Alipanga vibuyu vyake kwa safu, kila kimoja na kifuniko chake cha ngozi. Ilikuwa Jumanne asubuhi nilipomwendea.

"Mursik ni ngapi, Mama?"

Hakutaja bei. Alitikisa kibuyu, akanimiminia kikombe kilichojaa. "Onja kwanza. Unaonekana una baridi."

Nilipokuwa nakunywa, kijana asiye na cheti akanyakua simu yake iliyokuwa juu ya meza. Jirani aliyeuza nyanya akamwona, akapiga kelele, "Mwizi! Shika huyo!" Wavulana wakaruka mtaro wakapotea. Mimi niliteleza. Nilianguka kifudifudi na maziwa bado mdomoni, na nilipoinua kichwa niliona viatu tu. Viatu vingi, vikikaribia. Teke la kwanza lilinipata ubavuni. Mwanamume mmoja alikuwa ameokota jiwe kubwa kama mkate, na nikasikia mwingine akiuliza nani ana petroli.

Ndipo yule mama alipopita katikati yao. Hakupiga kelele. Aliketi kitako kwenye matope, akanivuta, akaniweka katikati ya magoti yake vile mtoto anavyowekwa kusukwa nywele, kisha akanifunika na koti lake.

"Mama, toka hapo! Huyu ni mwizi. Ni simu yako amechukua!"

"Ni simu yangu," akasema. "Kwa hivyo kesi ni yangu. Anayetaka kumpiga aanze na mimi."

Niliusikia moyo wake ukipiga kwenye mgongo wangu kama ngoma. Sauti yake haikutetemeka hata kidogo. Sijui tulikaa vile muda gani. Najua tu kwamba mmoja alisonya akaondoka, halafu mwingine, na lile jiwe nikalisikia likianguka. Walipoisha, aliniinamia sikioni. Hakuniuliza simu iko wapi.

"Leo ni Jumanne. Mbona hauko shule?"

Nikalia, nikamweleza yote. Alinisikiliza, akamwomba mwuza nyanya amwangalizie vibuyu, akanishika mkono. Tukaenda hivyo hivyo, matope mwilini sisi wote wawili.

Mwalimu mkuu alitutazama juu ya miwani. "Wewe ni nani wake?"

"Mzazi."

Akafungua kitabu cha majina, akamuuliza lake, akatikisa kichwa. "Mama, jina lako na la huyu mtoto ni mbali kabisa."

"Mwalimu, mliomba mzazi ama mliomba jina?"

Mwalimu mkuu akafunga kitabu. Akauliza kama kuna kosa lingine analopaswa kujua. Nilifumba macho.

"Liko," akasema. "Lakini hilo ni la nyumbani. Tutalimaliza nyumbani."

Nilirudishwa darasani kabla ya mapumziko ya chai. Jumamosi ile alimngoja mama mlangoni kwetu, na wanawake wale wawili wakazungumza wakiwa wamesimama, mpaka mama akajifunika uso na kanga. Mwaka wote uliobaki, shule ikiita wazazi, alikuja yeye.

Hakuishia kwangu. Simu yake ilirudi yenyewe, aliikuta asubuhi juu ya meza, naye akaenda kuwatafuta walioirudisha. Yule wa nywele alimnyoa kwa mkono wake pale pale sokoni, akampeleka shule. Leo ni fundi wa umeme, anaishi Kimumu na familia yake. Yule asiye na cheti hakuweza kumsaidia. Alimzungusha kutoka ofisi hadi ofisi, dirisha hadi dirisha, na kila mahali wakataka karatasi ya kuthibitisha karatasi. Miaka miwili baadaye watu walimkamata na mtungi wa gesi wa wizi, mchana kweupe, upande mwingine wa mtaa. Mama wa mursik alipopata habari alikimbia. Alifika wakati hakuna la kufanya ila kumfunika.

Nilipochaguliwa kwenda chuo cha ualimu, yeye ndiye niliyemwambia wa kwanza baada ya mama. Alicheka, akapangusa mikono, akaniambia jambo ambalo sikulijua. Hakuwahi kusoma. Utotoni walimweka achunge ng'ombe, na siku ile aliyonipeleka ndiyo ilikuwa mara yake ya kwanza maishani kupita lango la shule.

"Nilimwogopa yule mwalimu kuliko wale watu wa mawe," akasema.

Na baada ya kuniacha ofisini, hakurudi sokoni moja kwa moja. Alisikia watoto wadogo wakisoma pamoja kwa sauti, akasimama dirishani kwao mpaka kengele ikalia, midomo yake ikiwafuata, neno kwa neno, bila kujua herufi hata moja.

Ameshatutoka sasa, tulimzika kwao, kwenye baridi na umande. Vibanda vya nyuma ya soko vimekuwa ghorofa la maduka ya simu, na mursik siku hizi huuzwa kwenye chupa za plastiki. Mimi nimesimama mbele ya madarasa mengi, na wageni wengi wamepita kwenye madirisha yangu, wakaguzi na wakubwa wa kila namna. Sijaona tena mtu aliyesikiliza hivyo.