Kengele Kwenye Msalaba

Fundi wa kuandika misalaba ya makaburi pale Kinyangiri hupima nafasi ya herufi kwa uzi, hufuta brashi kwenye paja la suruali, na haongei mpaka jina la marehemu limalizike. Lea alimpelekea msalaba wa kaka yake, Simeoni, aliyekosa hewa mgodini. Wenye mgodi walisema kengele ya gesi ililia, yeye akaipuuza. Lakini Simeoni alikwisha kusema nyumbani kwamba waya wa kengele hiyo ulikatwa makusudi, kwa sababu kila ikilia kazi inasimama. Fundi alisikiliza yote, kisha chini ya jina akachora kengele yenyewe, waya ukining'inia umekatwa.

Msimamizi wa mgodi alishuka kwenye pikipiki. "Wewe fundi, msalaba ni jina na tarehe. Futa hayo makatuni."

"Karibu, bosi," fundi alijibu kwa sauti yake ya puani, bila kuinua kichwa. "Mwenye msalaba huyo hapo. Muombe yeye."

Lea, ambaye tangu mazishi midomo yake mbele ya watu ilikuwa ya kusali tu, alisimama. "Mungu ameshaona, baba. Bado watu. Fundi, huo waya upake nyekundu, uonekane toka barabarani."