Mtani Aliyenyamaza

Saa kumi na mbili jioni, kila siku ya Mungu, fundi Nathanaeli Chidawali huacha alichoshika na kusimama wima mbele ya duka lake la fremu za picha, Chang'ombe ya Dodoma. Kama alikuwa anakata kioo, kioo kitangoja. Kama kuna mteja, mteja naye atangoja. Hapigi saluti wala haombi dua. Husimama dakika moja hivi, mikono ubavuni, macho barabarani, kisha anarudi kwenye kazi yake kama mtu aliyepiga chafya tu.

Mwanzoni watu wa kijiweni walidhani kuna mahali bendera inashushwa, nao wakasimama. Wakatazama huku na huku. Bendera hakuna. Mzee Octavian Kikoti, dereva mstaafu wa serikali na Mhehe wa Iringa asiyeficha kabila lake, ndiye aliyekuwa wa kwanza kukaa tena.

"Mgogo," alisema, "siku hizi mnaomba mmesimama? Mimi nilijua kwenu mtu anakaa chini ndipo ananyoosha mkono."

Benchi zima likacheka. Wagogo na Wahehe ni watani, jambo lisilohitaji kuelezwa Dodoma. Mababu walipigana, wajukuu wakarithi matusi. Hapo Nathanaeli alipaswa kuuliza mbwa wa jirani ameliwa na nani, na Octavian aseme alikuwa mtamu, na jioni iendelee. Badala yake alitabasamu kwa midomo tu, akaokota kioo chake. Octavian akaacha kucheka. Mgogo aliyetukanwa na Mhehe asijibu, huyo ni mgonjwa, na ugonjwa wake hauko tumboni.

Nathanaeli hakuwa hivyo zamani. Mtoto huyu wa Mlali, wilayani Kongwa, alikuwa na mdomo uliomponza shuleni na kumwokoa machimboni. Rubi zilipotoka Winza, kule Mpwapwa, na watu wakamiminika na sururu zao, yeye hakuchimba hata futi moja. Alikuwa dalali. Alikuwa anaweza kumchekesha muuzaji mpaka bei ishuke. Wanunuzi wa Kithai walipokuja na taa zao ndogo na koleo zao, mmoja wao akampenda, na mambo yakaenda yalivyokwenda, mpaka Nathanaeli akajikuta Chanthaburi, mji wa vito wa Thailand. Alikaa huko miaka tisa.

Kijiweni walimsumbua awasimulie, naye alisimulia vizuri, ilimradi habari ziwe za maisha ya kawaida. Aliwaambia Wathai wanavua viatu mlangoni kuliko hata Waswahili wa pwani. Kwamba mdogo humwamkia mkubwa kwa kuunganisha viganja na kuinamisha kichwa, na ole wako ukikosea nani mkubwa. Kwamba kichwa cha mtu hakiguswi. Yeye alimpapasa mtoto wa mwenye nyumba kichwani kama tunavyofanya sisi, na mama mtu akanuna wiki nzima huku akitabasamu. "Wale wana tabasamu la kila kitu," alisema. "La furaha lipo. La hasira lipo. Na lipo la kukuambia ondoka. Nilichukua miaka mitatu kuyatofautisha."

"Na siasa?" aliuliza Habibu, muuza kahawa, ambaye akikosa siasa kahawa yake humpoa. "Si tulisikia wanajeshi walichukua nchi?"

Nathanaeli alitazama mlangoni kwanza. Yuko Chang'ombe, kati ya watu wanaokula naye, na bado alitazama mlangoni.

"Walichukua," alisema. "Walitangaza kwenye televisheni, kesho yake soko likafunguliwa kama kawaida. Watu wanapiga picha na wanajeshi, wengine wanawapa maua. Nilidhani hawajali. Kumbe wanajali mpaka wanaumwa. Kuna wa shati jekundu na wa shati la njano, na ndugu wa tumbo moja hawalali nyumba moja. Ila wakifika kwenye maneno fulani, wanaishia katikati ya sentensi. Wanatazama dari. Nawe unatakiwa utazame dari."

"Maneno gani?"

"Habibu, nipe kahawa."

Hakuna aliyepata zaidi ya hapo. Lakini walikuwa na macho, na waliona soda. Kila asubuhi kabla ya kufungua duka, Nathanaeli alinunua soda nyekundu, akaifungua, akaitia mrija, akaiweka juu ya ukuta wa uani kwake. Hakuinywa. Ilibaki pale mpaka sisimizi waimalize. Mtaa ukagawanyika. Wapo waliosema amerudi na majini ya Kithai, na wapo waliosema anatambika kwa mizimu ya Kigogo ila ameona pombe ya mtama ghali. Mchungaji wake alimuuliza. Akajibu kwamba ni desturi tu aliyoizoea. Alikuwa hadanganyi, lakini hakusema ni desturi ya nani.

Ilikuwa ya Uan.

Uan alikuwa mchoma mawe. Kule jiwe lenye rangi hafifu hutiwa tanuruni, likapikwa siku kadhaa kwa moto usiosemeka, na likitoka ama limekuwa na rangi ya kuuzika ama limepasuka. Jina Uan maana yake ni Mnene, na mnene alikuwa kweli. Jirani yake aliitwa Chura, na binti wa Chura aliitwa Nguruwe, wakiitana hivyo barabarani bila mtu kukunja uso. Nathanaeli aliposikia majina hayo moyo wake ulifunguka. Akasema, kumbe hawa ni watani zetu waliopotea njia! Uan naye akampa jina la Mkaa, wakatukanana kila siku kwa Kithai kibovu na Kiswahili cha kufundishana, na hakuna siku mtu wa Mlali alijihisi nyumbani ugenini kama siku zile. Kila asubuhi Uan aliweka soda nyekundu mbele ya kijumba kidogo cha mbao kilichosimama juu ya nguzo uani, ili mwenye eneo asiyeonekana asikasirike.

Kosa la Nathanaeli lilikuwa hilo, na ni kosa la mtu wa kwetu. Aliona nchi ambayo mtu anamwita mwenzake Mnene, akadhani hakuna asiyetaniwa. Kwetu mtani haulizi huyu ni nani. Hata chifu hutaniwa, na maiti pia.

Jioni moja saa kumi na mbili wimbo wa taifa ulipigwa kwenye vipaza sauti vya soko, kama unavyopigwa kila asubuhi na jioni, na watu wote wakasimama walipokuwa. Ng'ambo ya barabara kulikuwa na picha kubwa ya mfalme yenye fremu ya dhahabu, moja ya zile zinazosimamishwa nchi nzima. Nathanaeli, amesimama kama wengine, alisema neno juu ya picha ile kwa sauti ndogo. Neno lenyewe siliandiki. Halikuwa baya, hapa kwetu lisingemwamsha hata paka. Uan alicheka. Alikuwa na kicheko kinachoanzia puani na kuishia kwenye kikohozi, kwa sababu ya moshi wa tanuru. Alicheka huku wimbo unaendelea, ameziba mdomo, machozi yanamtoka. Baada ya hapo, kwa kuwa lilimchekesha, akaliandika kwenye ukurasa wake wa simu, na mwishoni akaweka tano tatu, maana Wathai wakicheka kwa maandishi huandika namba tano, ambayo kwao hutamkwa "ha".

Wiki ya tatu askari kanzu wanne walikuja, viatu wamevua mlangoni, na tabasamu. Waliuliza maneno haya ni ya nani. Nathanaeli alikuwa hatua mbili kutoka hapo na sinia la mawe mkononi. Uan alimtazama mara moja tu.

"Ni yangu," akasema Uan.

Akapewa miaka mitano jela, ikapunguzwa nusu kwa sababu alikiri. Alikiri kitu kisicho chake, na kwa hilo wakamshukuru kwa kumpunguzia. Chura alimweleza Nathanaeli baadaye kwamba Uan alipiga hesabu yake palepale: mgeni akifungwa hana wa kumpelekea wali. Nathanaeli naye hakumpelekea Uan wali. Aliogopa kuonekana kwenye lango lile. Asubuhi alipita kwenye kijumba cha mbao, akakuta chupa kavu na sisimizi wamekufa ndani yake. Mwezi uliofuata alipanda ndege. Namba ya Uan haipokelewi tena, na ya Chura haipatikani. Kama Uan alitoka, hajui. Anachojua ni kwamba jioni, ikifika saa ile, kile kicheko cha puani kinaanza nyuma yake, na asiposimama hakiishi.

Mwaka huu figo za Octavian zilikataa kazi. Alilala sebuleni kwake miguu imevimba, na mchana Nathanaeli alikwenda kumwona. Mke wa mzee, Paulina, alikuwa uani anachambua mboga.

"Mgogo," alisema Octavian, "siku yangu ikifika wewe ndiye mtani wangu. Uzuie jeneza. Uvae koti langu la kazi, ulale mlangoni, unitukane mpaka wajukuu zangu wacheke. Umesikia?"

"Mzee, mimi siwezi tena."

"Kwa nini?"

Basi akamweleza. Yote, kwa mara ya kwanza, akiwa anatazama sakafu. Octavian alisikiliza bila kumkatiza, jambo ambalo halikuwa kawaida yake.

"Alikutazama, nawe ukanyamaza?"

"Nilinyamaza."

Mzee alifumba macho. "Basi kwangu usinyamaze," alisema. "Ukininyamazia na mimi, tutakuwa wawili nyuma yako." Alikufa Jumanne iliyofuata.

Siku ya maziko uwanja ulijaa. Ibada ikaisha, wabebaji wakainua jeneza, na kila mtu akamtazama Mgogo. Alikuwa amekaa nyuma kabisa, koti jeusi la Octavian limekunjwa mapajani. Geofrey, mtoto mkubwa wa marehemu, mtu mzima mwenye mvi, alisema kwa sauti ya kuomba, "Baba mdogo, tunakusubiri."

Akainuka. Akavaa koti, mikono ikapwaya, akaenda akajilaza kizingitini kama gogo.

"Hapiti mtu!" alipiga kelele. "Huyu Mhehe amekula mbwa wangu wawili, na hata mikia hakuniachia! Mpasueni tumbo, mtawakuta wanabweka!"

Watu wakaangua kicheko. Wajukuu waliokuwa wakilia walicheka kamasi zikiwatoka. Geofrey alijishika mbavu. Nathanaeli akaendelea, na mdomo wake wa zamani ukamrudia. Alimwiga Octavian akiendesha gari la waziri kwa mwendo wa konokono, akamwiga akiomba posho ya safari, na furaha ikampanda mpaka kichwani. Ndipo akakisikia. Katikati ya vicheko vyote, kimoja kilianzia puani na kuishia kwenye kikohozi.

Akapiga magoti. Uso ulikuwa umembadilika.

"Ni mimi!" alisema. "Maneno yale ni yangu. Uan hakusema kitu, alicheka tu. Nilikuwa nimesimama palepale. Nikamateni mimi!"

Wakacheka zaidi. Nani angejua? "Mkamateni Mgogo!" alipaza Habibu, na vijana wanne wakamrukia, wakamkunja mikono mgongoni kama askari, wakamburuta mpaka getini huku wakipuliza filimbi kwa midomo. Alilia kwa sauti. Walisema tangu zamani hawajaona mtani anayejua kazi namna ile. Getini walimwachia, wakamfuta vumbi, mmoja akamtia andazi mfukoni liwe malipo yake ya utani. Jeneza likapita.

Waliporudi kutoka makaburini Paulina alimwita pembeni, kwenye mlango wa jiko. Macho yake yalikuwa makavu. Yeye peke yake hakuwa amecheka.

"Shemeji, Uan ni nani?"

Alikuwa mjane wa siku chache, na alikuwa amesimama pale kusikiliza, hana haraka, wala hakuna aliyemtuma. Jibu lilikuwa tayari mdomoni kwa Nathanaeli. Miaka yote alikuwa akingoja mtu amuulize swali hilo.

"Utani tu, shemeji," alisema. "Maneno ya msibani."

Paulina alimtazama mara moja tu. "Haya," akasema, akaingia jikoni.

Saa kumi na mbili ikafika. Nathanaeli alisimama uwanjani, mikono ubavuni, bado amevaa koti la marehemu. Habibu aliona, akakonyeza wenzake, akasimama nyuma yake akimwiga. Wa pili akasimama, na wa tatu, mpaka msiba mzima ukawa umesimama, wanawake kwa wanaume, wanabana vicheko. Vicheko vikapungua vyenyewe. Pakawa kimya, watu wote wima wakitazama upande mmoja, kama kule.

Nyuma yake, karibu sana, mtu alikohoa. Huenda alikuwa Habibu. Nathanaeli alikuwa na uwezo wa kugeuka akamwona, na akigeuka ingebidi aseme Uan ni nani.

Hakugeuka.