Kashe ya Mashine

Kama unataka kuona mtu mzima akishindwa kusoma sentensi moja, njoo Walikale. Hatuwakosi.

Mwaka ule wa vita dada yangu mkubwa alikuwa amepata diploma ya sekondari na alitaka kujiandikisha chuo kikuu Goma. Zamani ungepanda Fuso na bahasha yako. Lakini barabara ya Masisi ilikatwa na watu wenye bunduki, chuo kikasema: waliokwama wajiandikishe kwa intaneti, mwisho Ijumaa. Asiyeingia angoje mwaka mwingine. Na baba mdogo alikuwa ameshasema mwaka mwingine hautakuwa wa shule, utakuwa wa harusi. Mbuzi za mahari zilikuwa zimeanza kuongelewa.

Intaneti ilikuwa moja tu, nyuma ya duka la tajiri mmoja aliyetoka upande wa Butembo, kati ya mifuko ya simenti na katoni za sabuni. Ilishuka kutoka mbinguni kwa antena, nyembamba kama mkojo wa mzee. Ndiyo maana kulikuwa na mashine moja kubwa, mama wa zingine. Kila ukurasa uliofunguliwa iliuweka kwenye diski yake. Mtu wa pili akiutaka, anapewa ule ule bila kusumbua mbingu. Ghala hilo la kurasa linaitwa cache. Kwa Kifaransa inasomwa "kash". Fundi wa tajiri, bwana mwenye tai aliyesema amesomea Goma, alisoma "kashe".

Upuuzi wote ulianzia hapo. Kwetu kashe ni muhuri, kile kitu ambacho bila hicho huzaliwi, huoi, wala hufi vizuri.

Jumatano fundi alitia diski mpya, akawasha, mashine ikakataa. Kwa kuwa kompyuta zote zilipitia kwake, zote zikafa. Mimi na dada tulikuwa kwenye benchi, yeye na karatasi zake magotini. Fundi akatazama skrini, akaruka mistari yote hadi maneno ya mwisho, akajifuta jasho kwa tai.

"Patron, njo hii: permission non accordée. Kashe haina permission."

"Permission ya nani?" tajiri akauliza.

"Mashine haisemi, Patron. Inasema tu kashe."

Tajiri akajipiga paja. "Ba-État, ba-serikali! Nilijua! Banataka kashe yabo. Vita iko, intaneti bila kashe, watasema naongeaka na waasi!"

"Papa," nikasema, "uulize pia kama mashine ilipata chanjo."

"We mutoto, funga kinywa. Njo maana ndevu zinakukataa."

Akavaa koti lake la misa, akaenda ofisini kwao. Akarudi mikono mitupu: mwenye muhuri alikuwa kwenye matanga. Alhamisi mwenye muhuri alikuwepo, wino haukuwepo. Muda wote huo fundi aliilinda mashine kwa kula brosheti za nyama mbele yake. Dada akamwomba amwache aangalie kidogo.

"Dada, hii iko serveur, hapana sufuria."

Ijumaa tajiri alirudi kule na wino wake mwenyewe. Fundi akatoka kutafuta pilipili, akaiacha mashine wazi, bila shaka. Dada akasimama. Alikuwa amesoma biashara na informatique, yaani kompyuta, na juu ya hapo alikuwa na kipaji adimu mjini kwetu: alisoma mstari tangu mwanzo. Mwanzoni palikuwa na jina la folda ambayo fundi mwenyewe aliitengeneza kwenye diski mpya.

"Ona huyu mujinga," akasema. "Folda ameandikisha kwa jina la mukubwa wa mashine. Programu yenye inaweka kurasa inatumika kwa jina lake ingine. Ni kama kujengea mulinzi depo, halafu ufunguo unabakia mu mufuko yako."

Akaandika amri ya kuikabidhi programu hiyo folda, na nyingine ya kupanga ndani yake vyumba vya kuwekea kurasa. Akawasha. Diski ikaanza kukwaruza. Ukurasa wa chuo ukashuka, taratibu, kichwa kwanza.

Alikuwa ameshajaza kila kitu na kubonyeza kutuma, tajiri alipoingia na ruhusa yake, wino wa zambarau bado mbichi. Akaibandika ubavuni mwa mashine, akageuka, akaona skrini zote zinafanya kazi.

"Munaona? Kashe inaingia, mashine inatembea!"

"Njo nilisema, Patron," fundi akajibu mlangoni, nyama mdomoni.

Nikafungua kinywa. Dada akanikanyaga mguu, macho yake kwenye skrini. Hakuwa na nafasi ya kumfundisha mtu. Kisha maneno yakatokea: maombi yamepokelewa. Akachapisha karatasi.

Tajiri akaichukua, akaigeuza. "Hii haina kashe!" Kabla dada hajasema kitu akatoa muhuri wa duka, "Sabuni, Simenti, Betri", akaugonga katikati. Nilitoka nje kucheka.

Barabara ilipofunguka kidogo, dada akaondoka kwa pikipiki. Alinipigia simu akiwa Sake, karibu na Goma.

"Ku barrière ya barabara mwenye bunduki alishika karatasi kichwa chini, miguu juu. Aliangalia jina yangu? Hapana. Ya chuo? Hapana. Aliuliza tu: kashe iko wapi? Nikamuonyesha sabuni na simenti. Akasema: pita, étudiante."

Sijamwambia tajiri hadi leo. Hatungeweza kuishi naye.