Mota ya Kumpandisha Jasmati

Wifi yangu Jasmati alianza kuendesha baiskeli ya milimani kabla hata hajaolewa na kaka yangu, na hapa Tansen, mji ulioning'inia ubavuni mwa mlima, hilo si jambo dogo. Waliomcheka aliwapita njiani wakihema. Kisha goti la kulia likamsaliti. Daktari akamwambia aendeshe, ila kwenye tambarare tu. Tambarare iko wapi hapa? Hata jikoni kwetu kitunguu kikianguka kinabingirika mpaka mlangoni.

Goti lenyewe angelivumilia. Shida ilikuwa sikukuu ya Dashain. Siku ya tika, ule mchele wa maziwa mgando na rangi nyekundu unaopakwa kwenye paji la uso kwa baraka, mke akishapakwa kwa mumewe huenda kwao kupakwa na wazazi, na baba yake, mzee Dilsher, anakaa kileleni kabisa, ambako maporomoko ya udongo yamekula barabara ikabaki ya kupita baiskeli na mbuzi. Hata wa pikipiki wote siku hiyo wako kwao. Kaka Khadga hatoki, maana ndiye mkubwa wa nyumba na wageni wanamsubiri awapake. Naye mzee Dilsher hali chochote mpaka ampake binti yake wa pekee. Mwaka jana Jasmati alishindwa kupanda, akafika kesho yake akichechemea, akakuta mzee ameshinda na kulala na njaa, eti hakuwa na hamu. Wifi alirudi analia. Mimi nilimkasirikia mzee, nikalikasirikia na goti.

Kwa hiyo mwaka huu mvua zilipokatika tulipakia baiskeli juu ya basi, tukashuka Butwal, mji wa tambarare chini ya mlima, kutafuta mota ya umeme ya kuifungia. Mimi sikualikwa. Nilijipeleka tu, maana usiku kucha sikulala kwa furaha, utadhani naozeshwa mimi.

Muuzaji, jamaa mnene aitwaye Lokendra, alitutolea mota inayokaa katikati ya gurudumu la nyuma, pana kama sufuria ya wali. Kaka macho yakamtoka.

"Hii ndiyo yenye nguvu kuliko zote?"

"Kaka, hii ukiiwasha, pikipiki zinakuomba njia."

"Basi tumemaliza."

"Anayepanda mlima ni nani, wewe au mimi?" wifi akauliza.

Lokendra alikuwa na baiskeli yake iliyofungwa mota hiyo hiyo, akampa ajaribu. Barabarani pale wifi aliruka kama jiwe la manati. Kaka akapiga makofi, nami nikapiga, sitaki kudanganya. Lakini wifi hakurudi dukani. Alielekea mwisho wa mji, pale mlima unapoanza, sisi nyuma yake mbio mbio. Akaingia kwenye kimlima kikali cha hekaluni. Mota ikanguruma, ikapunguza, ikanguruma tena, ikazima. Nilipoigusa, nusura niache ngozi ya kidole.

"Betri haikujaa," kaka akaitetea mota.

"Wateja wangu wa hapa Butwal hawajawahi kulalamika," Lokendra akasema.

"Watu wa Butwal wanapanda nini? Kitanda?" wifi akauliza.

Hapo hata Lokendra alicheka. Tuliporudi dukani wifi akanyoosha kidole juu ya rafu. "Na ile ndogo?"

"Ile inafungwa kwenye pedali, dada. Nguvu yake nusu ya hii. Wateja hawaitaki."

"Inavuta cheni?"

"Inavuta cheni."

"Kwa hiyo nikiweka gia nyepesi, na yenyewe inapanda kwa gia nyepesi."

Lokendra alikuna shingo. "Ndiyo, hapo umesema."

Kaka akaona wanamzunguka, akamgeukia mkewe. "Mama Sunisha, unaacha simba unachukua paka."

"Khadga, umebeba kikapu cha mahindi tangu utoto. Ulipanda kwa hatua ndefu?"

Nani kwetu asiyejua? Mwenye mzigo hafupishi mlima, anafupisha hatua. Ile mota kubwa ilikuwa na hatua moja tu, ndefu, kazi yake kukimbia. Wifi akachukua rula, akapima mwenyewe upana wa fremu pale ekseli ya pedali inapopita, akahakikisha mota inaingia. Ndipo akasema ifungwe.

Kaka alinuna njia nzima. Ila Dashain ilipofika, siku ya kuombea vyombo vya kazi, nilimkuta uani amechuchumaa, ameivisha baiskeli maua, amepasua yai la sadaka mbele ya gurudumu. Akasema kama ni paka, basi awe paka wa mlimani.

Siku ya tika wifi alipakwa, akaondoka na simu ikiwa hewani mfukoni, maana nilimwambia akiizima tutagombana. Mimi na kaka tukaiweka yetu katikati ya sinia la mchele wa tika. Tulisikia mawe. Tulisikia pumzi. Ghafla kimya. Kaka akabaki na mchele mkononi mbele ya paji la uso la mgeni, haupaki wala haurudishi.

"Jasmati," nikaita, "umekwama?"

"Nabadilisha gia. Acheni makelele."

Moyo ukanirudi. Mgeni akapata tika yake, imepinda.

Muda ulipita, kisha tukamsikia anasema, "Baba."

Halafu sauti ya mzee, karibu na ya kukasirika. "Umepita wapi wewe? Tangu asubuhi naangalia njia ya miguu."

"Nimekuja na barabara, baba. Kwa baiskeli."

"Sikusikia kitu."

"Haina kelele. Umekula?"

"Nile kabla sijakupaka?"

Tukasikia anambariki, aishi, goti lipone, nyumba ijae. Nililia, na kaka akajifanya anatafuta maziwa mgando ya tika, ambayo yalikuwa mbele yake.

Wifi alipotaka kukata simu, mzee akauliza, "Hiki kitu na mwakani kitapanda?"

"Kitapanda, baba."

"Basi mwakani nitakaa upande wa barabara."